Ruhusa ya Kuamrisha Wazee

14 Januari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Nimeitika mapema maana najua ungeanza na shikamoo ndefu, na karatasi ni fupi.

Hapa nyumbani wote wazima. Mjomba wako bado ananyoa watu pale barazani, na nywele za watu bado zinaruka mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Nimemwambia siku moja nitazifua pamoja na yeye. Mama yako alipita na mumewe, wakala, wakasifu, wakaondoka, sahani wakaniachia. Mimi nafua na kupiga pasi kama kawaida. Ile nyumba ya wageni karibu na stendi bado wananiletea mashuka yao yote, maana walijaribu kuyapeleka kwa mwingine yakarudi na rangi ya chai.

Kilichonishikisha kalamu ni yule fundi cherehani jirani yetu, yule tunayemwita Domo. Kaniuliza mbele ya watu, "Eti mjukuu wako anasomea nini huko?" Nikasema anasomea udaktari wa picha. Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. "Picha? Si angekaa hapa hapa apige za pasipoti!" Nikamwambia picha anazopiga mjukuu wangu wewe huthubutu kuzitundika ukutani, maana wageni wataona wivu ulivyokukaa kwenye ini. Akainama kuokota pini zake. Lakini nilipoingia ndani nikajiuliza, kwani hasa huyu mtoto anafanya nini? Hebu niandikie. Si kwa maneno ya kitabu. Andika kama unamweleza mtu mwenye akili ambaye hakupelekwa shule.

Na usinipigie kwa simu ya mjomba wako. Simu ile inasikilizwa na kila anayenyolewa. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, nimekaa na watu wenye mvi kwenye madawati ya watoto, magoti yamenifika kidevuni. Sikuteseka vile ili niongee na simu.

Jambo la mwisho. Nasikia hospitalini vijana wanawaendesha wazee kama mbuzi: vua, panda, geuka. Wewe sikukulea hivyo. Mtu mzima humtumi, unamwomba. Nikisikia umemwambia mzee "geuka" bila samahani mbele, nitapanda basi nije nikugeuze mimi.

Bibi yako

2 Februari

Kwa Bibi yangu, mama wa mama yangu,

Shikamoo, tena ndefu kama ulivyoogopa. Mimi mzima. Chumba ninachopanga kina dirisha linalofunguka nusu na mwenzangu wa chumba anayekoroma usiku mzima. Chakula napata. Usimuulize Mama kuhusu viatu vyangu, vipo.

Sasa kazi. Ile mashine inatoa mionzi, mwanga usioonekana kwa macho. Unakumbuka ukianika shuka juani? Mwanga unapenya kitambaa, lakini kwenye pindo nene na kwenye kifungo unazuiliwa, unaona kivuli. Mwili ni hivyo hivyo. Mionzi inapita kwenye nyama, inapita zaidi kwenye mapafu kwa kuwa yana hewa, lakini mfupa unaizuia. Upande wa pili wa mgonjwa kuna ubao unaopokea kinachopita. Palipopita sana panakuwa peusi, palipozuiliwa panabaki peupe. Ndiyo picha.

Kubonyeza kitufe anaweza hata Domo. Kazi yenyewe ni kumweka mtu. Picha ya kifua, kwa mfano: anasimama kifua kimegusa ubao, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega anayasukuma mbele ili yale mafupa mapana ya mgongoni yasiyafunike mapafu. Halafu anavuta pumzi nyingi na kuishika. Hapo ndipo tunapiga. Akipumua, picha inatikisika kama ya mtu anayekimbia.

Na hapo, Bibi, ndipo penye shida kidogo. Wiki iliyopita alikuja babu mmoja mwenye kikohozi. Nikamwamkia, nikamweka vizuri, nikaenda nyuma ya kioo nikasema: "Babu, samahani, naomba, kama hutajali, uvute pumzi, halafu tafadhali usiiachie mpaka nitakapokuomba tena." Nilipofika kwenye "nitakapokuomba" babu alikuwa ameshavuta, ameshaachia, na anaitikia, "Haya mwanangu, hakuna neno." Kitufe nimeshabonyeza. Moyo wake ukatoka kwenye picha kama umechorwa kwa chaki halafu mtu akapitisha kiganja.

Mwalimu wangu, msimamizi wa chumba, ananiambia niseme maneno mawili tu: vuta, shika. Bibi, siwezi. Mdomo unakataa. Basi, ni hilo tu, litapita. Msalimie Mjomba, mwambie asikutie hasira.

Mjukuu wako

20 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mjomba wako nimemsalimia, ila amemkata mtu sikio kidogo, si sana, mtu mwenyewe alicheka na yeye. Domo nimemweleza habari ya shuka na kifungo. Kasema hata yeye aliijua. Muongo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. "Vuta, shika"? Mbele ya babu wa watu? Huyo mwalimu wako alizaliwa au aliokotwa? Wewe mtoto umefanya vizuri, na babu aliitika vizuri, wote wawili mmelelewa. Mwenye makosa ni mashine. Kama ina haraka hivyo, waifundishe kusubiri.

Nimeweka humu karatasi nyingine, ni ya huyo mwalimu wako. Mpe. Usiifungue. Kama umeshaifungua, isome basi, na wewe itakufaa:

"Mwalimu. Acha kumfundisha mtoto wangu ufedhuli. Mwache awaombe wazee. Kaa chini ufikiri. Mkumbuke mama yako. Nijibu."

Nimeandika kwa heshima kwa sababu ni mtu wa serikali.

Bibi yako

9 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nafurahi sikio la yule mtu halikukatika sana. Hapa mwenzangu wa chumba ameanza kukoroma na mchana.

Barua yako kwa mwalimu nilimpa. Akavaa miwani, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akasema, "Bibi yako angeifanya kazi hii vizuri kuliko nyote. Ukurasa mzima hana tafadhali hata moja."

Nisingekusumbua zaidi, ila yamezidi. Si babu yule peke yake. Wazee wote wanaoangukia mikononi mwangu, picha zao zinarudiwa. Vijana wenzangu nawapiga picha safi, watoto nawapiga safi, ila akisimama mtu mwenye mvi pale kwenye ubao, nakuona wewe umesimama na kikapu cha nguo. Nafungua mdomo kusema "shika", inatoka "samahani".

Nami sikukueleza jambo moja. Mionzi ile si ya mchezo. Kidogo haidhuru, ndiyo maana tunapiga mara moja na sisi wenyewe tunajificha nyuma ya kioo. Lakini kila nikirudia, yule mzee anapigwa mara ya pili kwa kosa langu. Mwalimu alinivuta pembeni akaniambia taratibu, bila kelele, na ndiyo maana iliuma: "Adabu yako unaitoa wewe, wao ndio wanailipia kwa miili yao."

Mtihani wa vitendo ni mwanzoni mwa Juni. Nitapewa mzee mmoja, kifua, picha moja. Nikirudia nimeanguka, na aliyeanguka anarudi nyumbani, nafasi anapewa mwingine. Ndivyo ilivyo. Niombee, na usimwambie Domo.

Mjukuu wako

18 Aprili

MJUKUU,

MARAHABA. SISI WAZIMA. NIMECHELEWA KUJIBU KWA SABABU YA KAZI.

KALAMU HII MBOVU USISHANGAE MWANDIKO.

MJOMBA WAKO SIKU HIZI NDIYE ANAKAMUA MASHUKA. ANAKAMUA KAMA ANAYAPA MKONO WA RAMBIRAMBI. MAMA YAKO HAJAMBO.

HABARI ZA MTIHANI NIMESIKIA. UTAFAULU. UKISHINDWA USIJE NA SURA YA HUZUNI MLANGONI KWANGU, PITIA NYUMA.

BIBI

24 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Leo sitaki kuzunguka.

Barua yako imeandikwa kama kuku amepita kwenye unga. Kalamu mbovu haigeuzi herufi zikalala upande wa pili. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Na tangu nipate akili sijaona umempa mtu yeyote shuka akukamulie, hata Mama alipokuwa na nguvu za ng'ombe. Mkono wa kulia una nini?

Fanya hivi. Nyoosha kidole gumba cha mkono huo, kama mtu anayemwonyesha dereva asimame. Chini ya gumba, karibu na kifundo, panatokea kishimo. Bonyeza ndani yake kwa kidole cha mkono mwingine. Kama utaruka, basi Bibi, pale chini kuna kifupa kidogo, umbo lake kama korosho. Kikivunjika hakivimbi sana. Watu wanadhani wameteguka, wanakandwa, wanaendelea na kazi. Kumbe damu inakifikia kwa shida, na kisipofungwa kinakufa humo humo, na mkono unabaki kuuma maisha.

Nenda ukapigwe picha. Nakuomba. Samahani kama nimekukosea adabu.

Mjukuu wako

6 Mei

MJUKUU,

MARAHABA.

NANI KAKWAMBIA? KAMA NI MJOMBA WAKO NITAMNYOA MIMI.

NILITELEZA KWENYE MAJI YA SABUNI NIKAJISHIKA KWA MKONO. BASI. WATU WANATELEZA. MZEE ANAYEKANDA AMENIKANDA KWA MAFUTA AKASEMA NI MSHIPA TU.

KISHIMO NIMEKIBONYEZA. SIKURUKA. NILIPIGA KELELE, NI TOFAUTI.

SIENDI KUPIGWA PICHA. SIOGOPI. SINA NAFASI. MASHUKA NI MENGI.

SOMA UACHE KUNIPIMA KWENYE BAHASHA.

BIBI

13 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mimi pia sina nafasi. Begi langu nimeshalifunga, liko mlangoni. Nisipopata habari kwamba umepigwa picha, napanda basi kuja kukushika mkono nikupeleke mwenyewe, na mtihani utanipita nikiwa njiani. Halafu wewe ndiye utakayemweleza Domo.

Nimejifunza vitisho kwa mtu ninayemjua.

Mjukuu wako

25 Mei

Mjukuu wangu, jeuri wangu,

Marahaba. Haya nayasema mimi, anayeandika ni mjomba wako. Neno lolote la kipumbavu ni lake.

(Mjomba: Hujambo, mpwa wangu. Amefungwa plasta mpaka kidole gumba. Mvunjiko upo, pale pale uliposema.)

Nimemwona anaongeza. Nasoma, ujue. Nasoma kichwa chini miguu juu pia, nimekaa mbele yake.

Habari ndiyo hiyo. Fungua begi lako. Nilikwenda hospitali kubwa, si kwa sababu ya vitisho vyako, nilikuwa napita. Nikakaa kwenye benchi refu na watu wenye kukohoa. Nikaitwa. Chumba chenyewe baridi, kimefungwa kama duka la Mhindi, na mlangoni wamechora alama ya kutisha. Ndani kijana mmoja, msafi, kola imepigwa pasi vizuri, nikajua huyu ana bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Pole, bibi. Samahani, kama hutajali, naomba uweke mkono hapa mezani, ukiweza, lakini kama unauma basi polepole tu."

Nikauweka. Akaupindisha kidogo kuelekea kidole kidogo, huku akisema pole, pole, pole, mpaka pole zikanichosha kuliko maumivu. "Sasa bibi, naomba tafadhali usijitikise hata kidogo." Akaenda nyuma ya kioo. Sasa huko nyuma nafikiri roho ikamsuta, maana alinipa mgongo wakati anaondoka, na mtoto aliyelelewa hampi mzee mgongo hivi hivi. Akapaza sauti: "Shikamoo tena, bibi!"

Mimi nifanyeje? Salamu haiachwi chini. Nikasema marahaba, na mkono nikauinua kama ninavyouinua siku zote. Mashine ikalia.

Kaenda kutazama kwenye kompyuta yake, akajishika kichwa. Nikaenda kuchungulia. Vidole kama kumi, vyote vya moshi.

"Bibi, itabidi turudie. Ulisogea."

"Uliniamkia!"

"Ndiyo, bibi. Samahani."

"Sasa ulitaka nikae kimya, nionekane mimi ndiye sikulelewa?"

"Hapana, bibi."

"Na hiyo mionzi yenu si imeshanipiga?"

Akatazama chini. "Imekupiga, bibi."

Pale, mjukuu wangu, ndipo barua yako ya Machi ikanifika. Ilikuwa imechelewa njiani miezi, ingawa nilikuwa nimeisoma siku ile ile. Nikamwambia, "Wewe kijana. Una mdomo? Niamrishe."

"Siwezi, bibi."

"Mimi nakuamrisha uniamrishe."

Akarudi nyuma ya kioo. Akakohoa. Halafu ikatoka: "TULIA!" Mlinzi wa mlangoni akaingiza kichwa kuona nani anapigwa. Mimi nilitulia. Hata mbu angenitua puani ningemwacha ale. Picha ikatoka safi, na kile kifupa chako cha korosho kina ufa katikati kama kikombe kilichodondoshwa na mama yako.

(Mjomba: Kijana alilia kidogo baadaye. Bibi alimfuta kwa kanga yake.)

Hilo halikuwa la kuandikwa.

Sasa nisikilize. Kukulea sikukosea. Nilikulea sawasawa, na wanaobisha waje hapa. Ila chumba kile hakikuwepo nilipokuwa nakulea. Kina adabu yake. Mle ndani kumwomba mzee ni kumchelewesha, na kumchelewesha ni kumuumiza, na mimi sikukufundisha kuumiza wazee. Kwa hiyo mimi, bibi yako, niliyekuchapa kwa kumwambia mzee wa mtaa "sogea", nakupa ruhusa. Ndani ya chumba kile waamrishe. Waamrishe wote. Sauti itoke tumboni, si puani. Akikununia mmoja, mwambie ruhusa umepewa na mtu mkubwa kuliko yeye.

Ukitoka nje ya mlango ruhusa imekwisha. Nitajua.

Bibi yako

10 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Kwanza nimefaulu. Najua ungeruka mistari kutafuta, nimekuwekea mwanzoni. Sasa rudi usome taratibu.

Asubuhi ya mtihani nilipewa mama mmoja mtu mzima sana, mfupi, mwenye maneno. Mwalimu na mtahini mwingine wamesimama ukutani, nyuso kama mlango wa benki. Mimi sikuanzia ndani. Nilitoka mpaka kwenye benchi. Nikainama nikamwamkia, akaitika. Nikamuuliza ya nyumbani, akanipa. Ya watoto, ya magoti, ya mkwe wake asiyepika, yote nikayapokea. Mtahini akatazama saa. Nikamwacha atazame. Salamu zilipokauka zenyewe nikamwambia, "Bibi, tukivuka mlango huu mimi nakuwa mkubwa wako. Nitakuamrisha, na wewe hutanijibu hata neno. Tukitoka, unarudi kuwa mkubwa wangu, na ukinitaka nibebe kikapu nabeba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Nani kakutuma uwe mkubwa wangu?"

"Bibi yangu."

"Kumbe unaye," akasema. Akasimama. "Haya, mkubwa. Twende."

Ndani sikusikia hata samahani yangu moja. Kifua mbele. Kidevu juu. Mabega sukuma. Nikaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Ongeza. Shika!" Bibi, sauti ilikuwa yako. Nilishtuka mwenyewe, nikafikiri umeingia kwa mlango wa nyuma. Yule mama akashika pumzi, mashavu yamevimba kama mtoto anayeficha peremende. Nikabonyeza. "Pumua."

Picha ikaja kwenye kioo cha kompyuta. Mbavu zote zimejipanga, moyo una ukingo mkali kama shuka iliyopigwa pasi, mapafu meusi, wazi, hakuna moshi. Mtahini akasema, "Safi." Mwalimu yeye alipiga chafya. Nafikiri ilikuwa chafya.

Nilipomtoa yule mama nje akanikabidhi kikapu chake nikibebe mpaka getini. Kilikuwa kizito.

Sasa Bibi, kuna jingine. Mama ameniandikia. Anasema amekukuta umefunika plasta kwa mfuko wa nailoni na unafua. Anasema ulipomwona ukaingiza mkono ndani ya beseni kuuficha. Kifupa kile hakiungani hivyo. Kinataka kutulia wiki nyingi, na kikisumbuliwa kinakufa, na kikishakufa hakuna picha wala plasta itakayokirudisha. Najua kwa nini hukutaka kupigwa picha. Hukuogopa mashine. Uliogopa kuambiwa usifue.

Nimeandika sentensi ya kukubembeleza mara nyingi nikaikata kila mara. Chumba cha picha kina mlango, na wewe ulisema nje ya mlango ruhusa imekwisha. Mimi nasema mgonjwa akiwa na plasta, chumba kinamfuata popote aendapo.

Kwa hiyo: Acha kufua. Kaa. Mashuka mpe Mjomba. Mkono usiguse maji mpaka plasta waitoe wao hospitalini.

Usinijibu kwa maneno mengi. Tii.

Mjukuu wako

22 Juni

MJUKUU,

MARAHABA.

NIMEIPATA. NIMEISOMA MBELE YA MJOMBA WAKO ILI ASHUHUDIE UTOVU WA ADABU. AKACHEKA. NIKAMPA BESENI.

KUFAULU KWAKO NIMEMTANGAZIA DOMO. KASEMA ALIJUA. SAFARI HII NIMEMWACHA.

WALE WA NYUMBA YA WAGENI WAMEKUJA KULETA MASHUKA. NIKAWAAMBIA NIMEKATAZWA NA DAKTARI WA PICHA. WAKAULIZA DAKTARI GANI. NIKASEMA WANGU.

MJOMBA WAKO ANAFUA. HAKAMUI VIZURI, HAJUI KUANIKA, PINDO ANAZIPANGA KAMA AMELEWA. NAONA KILA KITU. KUTAZAMA HUJAKATAZA.

MTU NILIYEMBEBA MGONGONI HAJAWAHI KUNIAMBIA "TII". USIZOEE.

NIMEKAA.

BIBI